Hamu ipo, mwili unaitikia, kilele hakuna: uchambuzi wa kisa kimoja

## Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ameolewa, ana watoto. Umri kamili, kazi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Hana kisukari, hana shinikizo la damu, hajawahi kupasuliwa sehemu ya nyonga. Hedhi yake inakuja kwa mpangilio na mtoto wa mwisho ameacha kunyonya siku nyingi. Nayataja haya mapema kwa sababu kila moja lingeweza kuwa chanzo cha shida yake: kisukari huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na kunyonyesha hushusha estrojeni, homoni ya kike, mpaka uke ukakauka na tendo likawa la maumivu.

Kilichokuwepo kwenye historia yake ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito inayokaa muda mrefu. Mwaka uliotangulia alikuwa anaamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi kunakucha, chakula hakimpiti, kazi inamshinda, analia akiwa peke yake. Alianzishiwa sertralini, dawa ya sonona, miligramu 50 kwa siku, na baada ya muda ikapandishwa hadi 100. Dawa ilimkubali. Usingizi ulirudi, akarudi kazini, akaanza tena kucheka na watoto. Katika ziara zote hizo hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu tendo la ndoa, na yeye hakuthubutu kuanza.

## Malalamiko yalivyofika kwetu

Barua ya rufaa ilikuwa na maneno mawili ya maana: "Hana hamu." Kabla ya hapo walikuwa wamepelekwa kwa mshauri wa ndoa, akawaambia watafute muda wa kuwa wawili, waongee zaidi, wapunguze simu chumbani. Ni ushauri ambao ungefaa ndoa nyingi. Wao ulizidi kuwachosha, kwani walitekeleza kila kitu na hali ikabaki vilevile.

Tulimwona kwanza peke yake, mume akisubiri nje. Baada ya kuzunguka kidogo alisema: "Daktari, hamu ninayo. Nafika mlangoni kabisa, mlango haufunguki."

Ikabidi turudi nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya dawa alikuwa anafika kileleni mara nyingi, hasa kinembe kikipapaswa, mara chache wakati wa kuingiliwa bila kuguswa kwingine. Wiki chache baada ya kuanza vidonge, kilele kikaanza kuchelewa. Kipimo kilipopandishwa, kikatoweka. Mguso ukapoa, alisema ni kama anaguswa juu ya nguo. Ute ulikuwa unatoka kama kawaida na hakuna maumivu yoyote. Kilichokuwa kinamsumbua baada ya tendo ni uzito chini ya tumbo, unaokaa saa nzima au zaidi, na hasira asiyojua aielekeze wapi.

Baada ya miezi ya kujaribu bila kufika, alianza kukwepa. Anawahi kulala, au anachelewa makusudi na kazi za nyumbani hadi mume asinzie. Kukwepa huko ndiko kulikoandikwa kwenye barua kuwa "hana hamu".

Likabaki jambo moja ambalo alilisema akiwa ameshika kitasa cha mlango anaondoka, kama wagonjwa wengi wanavyofanya na jambo zito. Alikuwa ameanza kuruka vidonge Ijumaa na Jumamosi. Jumapili mwili unaamka kidogo. Jumatatu anapata kizunguzungu na mishtuko kichwani kama ya umeme.

## Mwili unavyofanya kazi

Kisa hiki hakieleweki bila kujua kinachotakiwa kutokea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

William Masters na Virginia Johnson, Wamarekani waliopima watu maabarani, walichapisha mwaka 1966 hatua nne ambazo mwili hupitia wakati wa tendo: msisimko, msisimko wa juu unaotulia hapo kwa muda, kilele, na kupoa. Helen Singer Kaplan akaongeza hamu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2000 Rosemary Basson wa Kanada akasema kwamba kwa wanawake wengi walio kwenye uhusiano wa muda mrefu hamu haitangulii. Inaamka baada ya mguso kuanza na mwili kuitikia. Mifano hii ina mapungufu yake, lakini inatupa kitu kimoja kinachotosha kwa kazi ya kliniki: hatua hizi zina njia tofauti mwilini, na moja inaweza kuharibika nyingine zikiwa nzima.

Mguso unapoanza, au wazo tu, mishipa ya fahamu inayotoka uti wa mgongo sehemu ya chini hutoa oksaidi ya nitriki na kemikali nyingine zinazolegeza kuta za mishipa ya damu ya nyonga. Damu hujaa. Uke wenyewe hauna tezi za ute; unyevu unaoonekana sehemu kubwa ni maji ya damu yanayopenya ukuta wa uke baada ya mishipa kujaa, na huweza kuonekana ndani ya sekunde 10 hadi 30. Theluthi mbili za ndani za uke hutanuka na kurefuka, mji wa mimba hupanda juu, na theluthi ya nje huvimba na kubana. Estrojeni ndiyo inayoweka ukuta huo mnene na wenye damu ya kutosha. Kwa hiyo mwanamke mwenye hedhi ya kawaida, anayelowa bila shida, ana sehemu hii ya mfumo inayofanya kazi.

Kinembe kinachoonekana nje ni ncha tu. Ndani kuna shina, miguu miwili inayoshikamana na mfupa wa kinena, na mafundo mawili ya tishu ya kujaa damu yanayokumbatia mlango wa uke. Daktari wa upasuaji Helen O'Connell wa Australia alilionyesha umbo hili kwa kina mwaka 1998, wakati vitabu vingi vya anatomia vilikuwa bado vinachora kidoa. Hesabu ya nyuzi za fahamu 8,000 iliyonakiliwa kitabu hadi kitabu ilikuwa na asili ya mifugo. Watafiti wa Marekani walipohesabu za binadamu mwaka 2022 walipata zaidi ya 10,000. Ndiyo maana kwa wanawake wengi kuingiliwa peke yake hakutoshi. Katika uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani, ni kama 18 tu kati ya 100 waliosema kunatosha. Kitu kingine cha kujua ni kwamba kilele kinapokaribia, ncha ya kinembe hujirudisha chini ya ngozi yake. Wenza wengi hudhani msisimko umekufa na hubadilisha walichokuwa wanafanya, dakika ambayo hakikutakiwa kubadilishwa chochote.

Kilele chenyewe ni refleksi, yaani mwitikio wa mwili unaojiendesha wenyewe. Ishara hupita kwenye neva ya pudenda, mshipa wa fahamu wa sehemu za siri, hadi uti wa mgongo, sehemu yake ya chini kabisa iitwayo sakramu, ya pili hadi ya nne, na kutoka uke na mlango wa kizazi kwa neva nyingine. Kisha misuli ya sakafu ya nyonga, uke na mji wa mimba hubana na kuachia kwa mpigo, kama kila sekunde 0.8 mwanzoni. Mapigo hayo ndiyo yanayosaidia kuondoa damu iliyojaa. Yasipotokea, damu inaondoka polepole, na uzito aliousema mgonjwa wetu ndio huo.

Juu ya refleksi hii kuna ubongo. Kemikali zake dopamini na noradrenalini huichochea. Kemikali nyingine, serotonini, kupitia baadhi ya vipokezi vyake, huizuia. Kwenye shina la ubongo kuna kundi la seli linaloteremsha serotonini hadi uti wa mgongo na kuishikilia refleksi ya kilele isifyatuke. Kazi hiyo imeonekana vizuri kwa panya. Dawa za sonona za kundi la sertralini huacha serotonini nyingi zaidi ikibaki kati ya seli. Kinachotarajiwa basi ni kile kile alichokuja nacho mgonjwa: kilele kuchelewa au kutokuja, na mguso kupoa. Wengine hupoteza na hamu pia; yeye hakuipoteza.

## Uchunguzi

Ukaguzi wa nje ulikuwa wa kawaida. Pamba na kijiti chenye ncha butu vilihisiwa pande zote mbili, refleksi ya misuli ya mkundu ilikuwepo, na hakukuwa na kovu, ukavu wala sehemu yenye maumivu. Sukari, tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, vilikuwa sawa.

Testosteroni, homoni ya kiume ambayo wanawake nao wanayo kidogo, hatukupima, ingawa mume aliiomba baada ya kusoma mahali. Kwa mwanamke hakuna kiwango cha damu ambacho ukiwa chini yake unaambiwa una ugonjwa wa hamu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2019 inasema hivyo wazi. Jibu lingekuwa namba ya kutia wasiwasi isiyobadilisha tiba.

Ushahidi mzito ulikuwa kwenye kalenda. Shida ilianza baada ya dawa, ikaongezeka na kipimo, ikapungua siku za kuruka vidonge. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingetuambia zaidi.

## Uamuzi wa kwanza

Mezani kulikuwa na njia kadhaa. Kusubiri, kwani wachache huzoea dawa na hali ikarudi. Kwake muda ulikuwa umeshapita sana. Kupunguza kipimo. Kubadili dawa. Kuongeza dawa nyingine juu yake. Na kuendelea kuruka wikendi, jambo alilokuwa anafanya tayari.

Hili la mwisho tulilikataa, na tulimweleza kwa nini. Sertralini hupungua mwilini kwa nusu ndani ya takriban siku moja, ndiyo maana siku mbili zilitosha kuuamsha mwili, na ndiyo maana hizo hizo zilitosha kumletea dalili za kukatisha dawa. Mtu anayetumia fluoksetini, dawa nyingine ya kundi hilo, angeruka wikendi nzima bila kuona tofauti, maana hiyo hukaa mwilini muda mrefu. Lakini hatari kubwa zaidi ni kwamba anayeruka mbili leo ataruka nne mwezi ujao, na sonona hairudi kwa kupiga hodi. Hatukumkemea. Alikuwa amefanya jaribio la maana kwa akili yake mwenyewe, na lilitusaidia kuona chanzo.

Pamoja na daktari wake wa afya ya akili tuliamua kurudisha kipimo hadi 50. Sababu zilikuwa mbili: alikuwa ametulia kwa miezi mingi, na shida ilikuwa imekuwa mbaya zaidi pale kipimo kilipopanda. Tukakubaliana dalili moja ya hatari atakayoiangalia kuliko zote, ile ya kuamka saa tisa usiku, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imetangulia mara ya kwanza.

Mguso ulirudi kiasi. Kilele kilikuja mara chache, kwa muda mrefu na kwa msaada wa kifaa cha kutetemesha. Kisha usingizi wa alfajiri ukaanza kukatika. Alipiga simu mwenyewe kabla ya tarehe yake.

## Mazungumzo na mume

Haya yalifanyika kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili, kwa idhini ya mke na akiwepo. Mume alikuwa amejijengea hoja: "Mwili wake unaonyesha anataka, analowa vizuri. Mbona kwangu hafiki? Basi yupo anayemfikisha."

Hoja hii tunaikuta mara nyingi, na ina makosa mawili. La kwanza ni kudhani ute ni ushahidi wa kutaka. Mtiririko wa damu kwenye nyonga na kile mwanamke anachokihisi moyoni havifuatani kwa karibu. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2010 na Meredith Chivers na wenzake, ulikuta uwiano wa 0.26 kwa wanawake dhidi ya 0.66 kwa wanaume, ambapo 1 ni kufuatana kabisa na 0 ni kutofuatana. Mwanamke anaweza kulowa bila kutaka, na anaweza kutaka sana akabaki mkavu. Anayetaka kujua kama mwenzake anataka hana budi kumuuliza.

La pili ni kudhani kwamba kilele ni malipo ya mapenzi. Tulimchorea njia ya refleksi kwenye karatasi, tukamwonyesha mahali dawa inapozuia, na tukamweleza kwamba dawa hizo hizo huchelewesha wanaume kiasi kwamba madaktari huzitumia kuwatibu wanaomwaga mapema. Hapo alinyamaza, akaichukua ile karatasi akaikunja na kuitia mfukoni. Nadhani mfano wa mwanaume ulimwingia kuliko takwimu zote.

Tukawaomba waache kwa muda kulenga kilele, wagusane bila ratiba, na mke awe ndiye anayesema mkono uende wapi. Walifanya, si kila wiki.

## Uamuzi wa pili

Kurudi kwenye 100 kungelinda akili na kuua mwili tena. Kubaki kwenye 50 peke yake kungehatarisha akili. Tukachagua kuongeza bupropioni, dawa ya sonona inayofanya kazi kwa dopamini na noradrenalini na isiyoongeza serotonini, kisha kuiondoa sertralini taratibu ikiwa angebaki imara.

Kabla ya kuandika tuliuliza maswali ambayo hayarukwi: amewahi kupata kifafa au degedege, amewahi kujitapisha au kujinyima chakula kwa ajili ya uzito, anakunywa pombe kiasi gani. Dawa hii huongeza hatari ya degedege kwa watu wa namna hiyo. Shinikizo la damu lilipimwa kwanza, kwani linaweza kupanda. Alianza na miligramu 150 asubuhi. Ikimezwa jioni inaweza kuharibu usingizi, na usingizi wake ndio tuliokuwa tunaulinda. Baadaye ikapanda hadi 300 ya aina inayoachia polepole.

Sildenafili, dawa inayojulikana kwa kusimamisha uume, iliwekwa akiba. Kuna jaribio la mwaka 2008 kwa wanawake 98 waliokuwa na shida hii hii kutokana na dawa za sonona, na walioipata walifika kileleni kwa urahisi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, ingawa hamu haikubadilika. Hatukuihitaji.

## Matokeo

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu: kinywa kikavu, moyo kwenda mbio, wasiwasi. Zilipita. Usingizi ulitengemaa, sertralini ikashushwa hadi ikaisha, na shinikizo likabaki salama.

Kilele kilirudi kwanza alipokuwa peke yake, baadaye na mume. Bado kinachukua muda kuliko zamani. Uzito wa chini ya tumbo umeisha. Kilichochelewa kuliko vyote ni ile tabia ya kukwepa. Dawa iliyosababisha shida ilikuwa imekwisha kutoka mwilini, lakini saa ya kulala ikikaribia bado alikuwa anatafuta kazi ya kufanya. Mume hakurudi tena kliniki. Kwa maelezo ya mke, ameacha kuuliza kuhusu mtu mwingine, ingawa hajawahi kusema kwamba alikosea.

## Uchambuzi

Kilichofungua kesi hii ni kuuliza hatua ipi imeharibika. "Hana hamu" ni kauli inayofunika angalau shida nne: kutotaka, kutaka bila mwili kuitikia, mwili kuitikia bila kilele, na kuogopa maumivu. Tiba zake hazifanani kabisa. Estrojeni ya kupaka ukeni ingemsaidia mama anayenyonyesha mwenye ukavu. Kwake isingefanya chochote. Ushauri wa ndoa ungemsaidia mwenye kinyongo. Yeye hakuwa na kinyongo; kilimjia baadaye, kama matokeo.

Kumwona peke yake kulikuwa na maana kubwa kuliko nilivyotarajia. Suala la kuruka vidonge lisingetoka mbele ya mume, na bila hilo tungekuwa tunarekebisha kipimo ambacho hakimezwi.

Kupunguza kipimo kulishindwa kama tiba. Kama jaribio, kulituthibitishia chanzo na kutuonyesha kwamba akili yake ilihitaji dawa zaidi ya 50 peke yake. Ningeuchukua tena uamuzi huo kwa mgonjwa aliyetulia muda mrefu, mradi ana dalili ya kuangalia na namba ya kupiga. Kwa aliyewahi kujaribu kujiua nisingegusa kipimo. Ningeongeza dawa ya pili moja kwa moja.

Kushindwa kwa kweli kulitokea mwanzo kabisa, siku dawa ilipoandikwa bila neno. Mwaka 1997 watafiti wa Hispania waliripoti kwamba kati ya watumiaji wa dawa za kundi hili, waliotaja wenyewe shida za tendo la ndoa walikuwa 14 katika 100; walipoulizwa waziwazi, walifika 58. Hofu kwamba ukimwonya mgonjwa atakataa dawa naisikia sana kwa wenzangu. Huyu hakuonywa, na bado aliruka vidonge, tena kwa siri, bila mtu wa kumwambia ile mishtuko ya kichwani ni nini.

Fomu yetu ya rufaa sasa haina mstari wa "tatizo la tendo la ndoa". Ina maswali: unatamani? mwili unaitikia? unafika? kuna maumivu? Kila swali lina nafasi ya kuandika tangu lini, na chini yake kuna jedwali la dawa zote anazotumia, tarehe aliyoanza kila moja, na tarehe kipimo kilipobadilishwa.